Usawa Usio Sawa: Hadhari kwa Waandishi wa Programu

Hisabati hutufundisha kwamba iwapo A ni sawa na B, na B ni sawa na C, basi A ni sawa na C. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu za kompyuta hana budi kutambua kwamba si kila lugha ya kompyuta huitii kanuni hiyo.

Tuchukue lugha ya PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Lugha hiyo ina alama mbili za usawa. Alama === hudai maandishi yafanane herufi kwa herufi. Alama == ni legevu: maandishi mawili yakiwa na sura ya namba, huyageuza kwanza kuwa namba, ndipo huyalinganisha.

Tuseme maktaba ya shule ina kitabu chenye alama "12E3" na kingine chenye "12000". Katika uandishi wa kisayansi, 12E3 maana yake ni 12 × 10³, yaani 12000. Kwa hiyo, kwa kipimo cha ==, vitabu hivyo viwili ni kimoja! Vivyo hivyo "0754" na "754".

Hatari huzidi katika ulinzi wa siri. Kanuni ya MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, hugeuza neno la siri kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi 32. Maneno "240610708" na "QNKCDZO" hutoa mifuatano tofauti, lakini yote miwili huanza na 0e, kisha hufuata tarakimu tupu. Sifuri ikizidishwa kwa kumi ya kipeo chochote hubaki sifuri; basi == huiona mifuatano hiyo kuwa sawa, na mgeni hufunguliwa mlango kwa ufunguo usio wake. Toleo la 8 la mwaka 2020 lilirekebisha baadhi ya kasoro za ulinganishaji, lakini si hizi.

Katika JavaScript, "" == 0 ni kweli, na 0 == "0" ni kweli; lakini "" == "0" si kweli. Kanuni yetu ya awali imevunjika.

Funzo ni hili: namba ya mtahiniwa, ya simu au ya kitabu ni jina, wala si kiasi, haijumlishwi wala haizidishwi. Jina na lilinganishwe kama jina, kwa ===.