Simu Zilivyofuata Nyayo za Malaria

Mbu aenezaye malaria hafiki mbali. Kwa kawaida huishia kilomita chache kutoka alikozaliwa. Vimelea vyenyewe husafiri katika damu ya watu. Abiria hupanda basi Kisumu jioni, alfajiri yuko Nairobi, na homa humshika wiki moja au mbili baadaye, safari ikiwa imeshasahaulika.

Kuzihesabu safari hizo kulikuwa kazi ngumu mpaka simu za mkononi zilipoenea. Kila simu inayopigwa na kila ujumbe unaotumwa hupitia mnara wa jirani, na kampuni huhifadhi saa na mnara huo kwa ajili ya malipo. Watafiti, miongoni mwao Amy Wesolowski, Caroline Buckee na Abdisalan Noor, walichambua kumbukumbu za laini karibu milioni 15 za Kenya, za Juni 2008 hadi Juni 2009, bila majina ya wenyewe. Minara 11,920 iligawanywa katika makazi 692. Pale laini ilipoonekana mara nyingi zaidi palihesabiwa kuwa nyumbani; ikitoka hapo, ni safari. Kisha safari zikawekwa juu ya ramani ya malaria, maana siku tatu za Nyeri, kwenye baridi ya milimani, si sawa na siku tatu za Ahero, karibu na Ziwa Victoria.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2012. Vimelea vingi vilikuwa vikitoka ukanda wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi, jiji ambalo baridi yake haiwafai mbu wa malaria. Kwa hiyo shilingi inayotumika kudhibiti ugonjwa kando ya ziwa huikinga Nairobi pia, pengine kuliko dawa inayopulizwa jijini kwenyewe.

Udhaifu wa data hizi uko wazi. Mtoto wa chini ya miaka mitano, ambaye malaria humuua kuliko mtu mwingine yeyote, hana laini. Kuna nyumba zenye simu moja ya wote, na kuna mtu mmoja mwenye laini tatu mfukoni. Programu za akili mnemba zikifundishwa kwa kumbukumbu hizo hurithi upungufu uleule, hata zikiwa hodari namna gani.

Zanzibar imeunganisha simu na miguu. Kituo cha afya kikipata mgonjwa, taarifa hutumwa kwa simu. Ofisa wa wilaya humfuata nyumbani na kishikwambi chake, huuliza nani amesafiri karibuni na wapi, hukagua vyandarua, kisha huwapima waliomo humo kwa kipimo cha haraka, watoto wakiwemo.