Chanjo ya mdondo: kwenye pumba au kwenye jicho?

Usishangae ukurasa wa afya kuzungumzia kuku. Mama anayeambiwa kliniki ampe mtoto yai, mara nyingi humtegemea tetea anayetagia uani. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukipita mtaani, banda linaweza kubaki tupu ndani ya siku chache, na yai la mtoto limekwenda nalo.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi na hauna tiba. Kinga ni chanjo. Kwa kuku wa kienyeji wengi hutumia I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania na inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi, ingawa si ya kuachwa juani.

Nimeulizwa mara nyingi: siwezi kuichanganya tu na chakula? Naelewa, kuku anayelala juu ya mwembe hakamatiki kirahisi. Inawezekana, ila kinga yake ni hafifu kuliko ya tone la jicho. Nafaka mbichi na pumba huweza kuua virusi hai vya chanjo, ndiyo maana waliojaribu njia hii walipika nafaka kwanza, ikapoa. Halafu jiangalie asubuhi unapomwaga chakula: jogoo na matetea wakubwa hukimbilia, vifaranga hupata mabaki, anayeatamia hashuki kabisa. Nani amepata dozi? Maji ya kunywa ni afadhali kidogo, lakini ya bomba yana dawa inayoharibu chanjo; yaache wazi usiku kucha kwanza.

Ukiweza, weka tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wakamate alfajiri kabla hujafungua banda. Chanja wazima tu. Aliyeanza kuugua chanjo haimsaidii. Mayai na nyama ya kuku aliyechanjwa I-2 mnaweza kula bila kusubiri. Nawa mikono kwa sabuni, usijifikiche macho: virusi hivi huweza kumletea mtu macho mekundu kwa siku chache.

Na kuku wakianza kufa wengi kwa pamoja, usikimbilie kuwachinja ili nyama isipotee. Kwa macho, mdondo na mafua makali ya ndege hufanana. Waweke watoto mbali, mwite ofisa mifugo, na mizoga ifukiwe au ichomwe.