Nafasi ya Akili katika Mazoezi na Mlo Bora

Fikra chanya ni hali ya mtu kutarajia mema na kuamini kwamba juhudi zake zitazaa matunda. Umakinifu ni uwezo wa kuiweka akili pale mwili ulipo: kutambua pumzi, njaa, uchovu au hasira vinapojitokeza, bila kuvilaumu wala kuvikimbia. Vyote viwili vikiunganishwa na mazoezi na mlo bora humsaidia mtu katika lile lililo gumu kuliko yote katika afya, yaani kuendelea. Watu wazima wengi wanajua kwamba mchicha unashinda chipsi na kwamba kutembea kunashinda kukaa. Ujuzi huo haujawahi kuadimika. Kinachokatika ni mwendelezo, nao huamuliwa kichwani kabla haujaonekana jikoni au uwanjani.

Fikra chanya, hata hivyo, ziko za namna mbili, na kuzichanganya kumewaangusha wengi. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Kijerumani Gabriele Oettingen na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wenye unene uliopitiliza waliokuwa katika programu ya kupunguza uzito nchini Marekani. Kabla ya kuanza, kila mmoja aliulizwa anaamini kwa kiasi gani kwamba atafanikiwa. Kisha aliambiwa ajione amekwisha kumaliza programu, au yuko mbele ya chakula kinachomtamanisha, na aeleze picha zinazomjia. Mwaka mmoja baadaye, walioamini kwamba wataweza walikuwa wamepungua takribani kilo 12 zaidi ya wenye mashaka. Lakini wale ambao picha zao zilikuwa tamu mno, wakijiona wembamba na wasioshtushwa na kitamutamu chochote, walipungua kilo 11 hivi chini ya wale waliojiona wakihangaika na vishawishi.

Imani ya kuweza hujengwa juu ya mambo ambayo mtu ameyaona kwa macho yake: amewahi kutembea hadi sokoni na kurudi, kwa hiyo anajua kesho ataweza tena. Ndoto tamu haina msingi huo. Humwonjesha mtu ushindi kabla ya kazi, na mwili nao hulegea. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, Oettingen na Heather Kappes walipima shinikizo la damu, ambalo hupanda kidogo mwili unapojiandaa kwa jukumu, na wakaona kwamba walioelekezwa kuota mema yajayo walipoteza sehemu ya msukumo huo. Ushauri unaosambaa mitandaoni wa kubandika ukutani picha ya umbo la kutamanika na kuitazama kila asubuhi unaweza basi kumrudisha mtu nyuma, na inasikitisha kuona ukirudiwa hata na wakufunzi wa mazoezi.

Njia yenye ushahidi bora ni kuyaweka matarajio mema ubavuni mwa kikwazo. Mtu hutaja anachokitaka, huwaza kwa dakika chache faida yake kubwa, kisha hujiuliza ni kitu gani hasa kinachomzuia, na mwisho hutunga mpango wa "ikiwa… basi". Chukua mfanyakazi wa ofisini jijini Dar es Salaam anayetaka kutembea nusu saa kila siku. Akijichunguza kwa ukweli anakuta kwamba uvivu hauhusiki sana. Foleni humfikisha nyumbani saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia, na akikaa tu kwenye kochi hainuki tena. Mpango wake utakuwa: "Ikiwa daladala imefika vituo vitatu kabla ya kwangu, basi nashuka hapo na kumalizia kwa miguu." Uamuzi umefanyika mapema, jioni hakuna tena mjadala kati yake na uchovu.

Mpango wa maneno machache kama huo una nguvu ya kushangaza. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2002, wanafunzi 248 wa chuo kikuu waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa maelezo ya kutia hamasa juu ya mazoezi na magonjwa ya moyo. Jingine lilipewa maelezo hayohayo na kutakiwa pia kuandika siku, saa na mahali pa kufanyia mazoezi. La tatu halikupewa lolote kati ya hayo. Wiki iliyofuata, asilimia 91 ya walioandika mpango walifanya mazoezi. Katika kundi la hamasa peke yake walikuwa asilimia 35, na katika kundi la tatu asilimia 38. Hamasa bila mpango haikuongeza kitu.

Umakinifu huingia pale mpango unapokutana na maisha yenyewe. Aliyeufikisha katika hospitali za kisasa ni Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, akichota katika mazoea ya Wabudha bila kuyafanya ya kidini. Zoezi lake maarufu hutumia zabibu kavu moja. Mwanafunzi huishika na kuitazama mikunjo yake kama mtu asiyewahi kuona zabibu, huinusa, huiweka ulimini bila kuitafuna, kisha huitafuna taratibu mpaka autambue utamu unapoanza na unapokwisha. Tende moja ya kufuturia inafaa vilevile. Anayeila hivyo kisha akanywa maji na kutulia kidogo hukaa mbele ya sinia la futari akiwa na subira zaidi kuliko aliyeanza na sambusa tatu.

Utulivu huo una maana kwa mwili. Chakula kinapoingia tumboni, kuta za tumbo hutanuka na utumbo huachia homoni zinazoujulisha ubongo kwamba shibe inakaribia, na taarifa hiyo huchukua kama dakika 20 kukamilika. Anayemaliza sahani kwa dakika tano, macho yakiwa kwenye simu, huwa ameshaongeza kijiko cha pili kabla ya taarifa kufika. Kuweka simu mbali, kutafuna vizuri na kupumzika katikati ya mlo huipa taarifa hiyo muda wa kufika. Waislamu wa pwani wanayo tayari mafundisho ya kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, na mshauri wa lishe wa leo hana cha kuyapinga.

Umakinifu humsaidia pia mtu kutofautisha njaa na mambo yanayojifanya njaa. Njaa ya kweli huja polepole na hukubali chochote. Njaa ya huzuni, upweke au kuchoshwa na kazi huja ghafla na huchagua. Kipimo chepesi ni kujiuliza kama kiporo cha ugali na maharage kingefaa. Kama kinachotakiwa ni keki au bisi tu, basi kuna jambo jingine linaloomba kushughulikiwa, na pengine maongezi na jirani au kulala mapema kutalitatua. Tafiti zinaonyesha kwamba mafunzo ya kula kwa umakinifu hupunguza ulaji wa kupindukia unaosukumwa na hisia. Kuhusu kupunguza uzito peke yake matokeo yamekuwa mchanganyiko, kwa hiyo anayeuza umakinifu kama dawa ya kitambi anaahidi kupita ushahidi.

Jambo jingine ambalo akili huliharibu au huliokoa ni namna ya kupokea kosa. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawaruhusu kula aisikrimu kadiri wapendavyo. Wasiojinyima kwa kawaida walikula kidogo, kwa kuwa walishashiba. Waliokuwa wakijibana kwa mlo walikula zaidi, kana kwamba siku imeshaharibika na hakuna tena cha kulinda. Hivyo andazi moja la saa nne huzaa chipsi za mchana na soda ya jioni. Anayejisemesha kwa upole, akakubali kwamba andazi limeliwa na mlo unaofuata utakuwa wa kawaida, hupoteza andazi moja tu. Upole huo ni sehemu ya fikra chanya isiyozungumzwa vya kutosha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtu aliyewahi kujaribu na kushindwa.

Kwa upande wa mazoezi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani hayahitaji saa wala mashine ya kupimia: mtu aweze kuongea lakini ashindwe kuimba. Kutembea kwa haraka, kulima bustani, kuchota maji, mchakamchaka wa alfajiri na kucheza ngoma vyote vinahesabika. Umakinifu hapa ni kusikiliza mguu unavyokanyaga na pumzi inavyokwenda, jambo linalosaidia kutambua mapema maumivu ya goti kabla hayajawa jeraha.

Wakimbiaji wa Kenya wanaonyesha akili na mwili vinavyofanya kazi pamoja. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, anajulikana kwa kutabasamu maumivu yanapomzidi. Mwaka 2018 Noel Brick na wenzake waliwapima wakimbiaji 24 na kukuta kwamba walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso. Lakini tabasamu la Kipchoge limesimama juu ya miaka ya kambi ya Kaptagat: kuamka alfajiri, ugali na mboga, zamu ya usafi kama wenzake wote, na daftari analoandikia kila zoezi.

Mazoezi nayo huirudishia akili fadhila. Katika Chuo Kikuu cha Duke, James Blumenthal na wenzake walifuatilia watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliougua sonona. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki walikuwa wamepata nafuu kwa kiwango kilicholingana na waliomeza dawa, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema. Chakula kina mchango wake pia. Nchini Australia, Felice Jacka na wenzake waliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya watu 67 wenye sonona, asilimia 32 ya waliosaidiwa kuboresha mlo kwa wiki 12 walitoka kabisa katika hali hiyo, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mazungumzo ya kirafiki.

Mlo uliowasaidia ulijaa mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa. Jikoni kwa Waswahili tafsiri yake haina gharama za kutisha: dona badala ya sembe, maharage au choroko, dagaa, matembele, kisamvu, papai na parachichi la msimu. Kinachotaka jicho la makini zaidi ni chumvi na sukari. Kiwango cha juu cha chumvi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, nacho kinajumuisha chumvi ya kiungo cha pakiti. Sukari ya kuongeza inafaa isizidi gramu 50 hivi, na ikiwa 25 ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimeshapita kiwango hicho bora, kabla soda haijafunguliwa.

Mipaka ipo. Mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito aongee na mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo au kuanza mazoezi makali. Sonona iliyokithiri inahitaji tiba. Kumwambia mgonjwa awaze mema ni kumwongezea mzigo. Vilevile familia inayokula mara moja kwa siku kwa kukosa kipato haina tatizo la mtazamo.

Muda nao uhesabiwe kwa ukweli. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea zoea moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani zoea lilihitaji siku 66 kukaa lenyewe, wengine siku 18, na makadirio ya juu yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuvuruga kitu. Nako Ujerumani, Oettingen na watafiti wenzake Gollwitzer na Gertraud Stadler waliwafuatilia kwa miaka miwili wanawake waliofundishwa umuhimu wa matunda na mboga, nusu yao wakiongezewa mbinu ya kukabili kikwazo na kupanga. Makundi yote mawili yalikula vizuri zaidi katika miezi minne ya mwanzo. Baada ya miaka miwili, waliopewa elimu peke yake walikuwa wamerudi walikoanzia, na waliojua kupanga walikuwa bado wanakula mboga zao.