Kipakiti cha Sarafu Moja

Sogeeni karibu, na mwenye sarafu mfukoni aitoe aishike. Leo mtasikia jinsi hicho kiduara cha chuma kinavyowaamuru wenye viwanda.

Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, upo mji wa pwani uitwao Cuddalore. Huko aliishi bwana mmoja, Chinni Krishnan, mfanyabiashara mdogo. Zama zile shampuu iliuzwa kwa chupa, na chupa ilikuwa ya wenye nacho. Kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana, shampuu ya miezi miwili angeinunua kwa fedha gani? Nywele za kunukia alizitaka kama wengine. Bwana huyu akasema moyoni: anachotumia tajiri, mvuta riksha naye akitumie. Akaanza kufungasha bidhaa katika vipakiti vidogo vya plastiki.

Hakuishi kuvuna sana. Mwanawe, C. K. Ranganathan, ndiye aliyeanza biashara yake mwaka 1983 kwa mtaji wa rupia 15,000, na shampuu yake akaiita Chik. Watu wake walizunguka vijijini, wakaosha nywele za mvulana mbele ya umati, kisha wakawaita watazamaji: njooni mshike, mnuse! Baadaye ikatangazwa kwamba anayeleta vipakiti vitano vitupu atapewa kimoja kizima bure. Bei ilikuwa ndogo, na ikafika wakati ikawa paisa 50 tu, yaani nusu rupia. Sarafu moja mkononi, nywele safi kichwani. Makampuni makubwa yakaona, nayo yakaingia mbio kwenye vipakiti.

Sasa nitegeeni sikio, maana hapa ndipo penye utamu. Tuseme mafuta na sukari vimepanda bei, na mwenye kiwanda cha biskuti anataka kuongeza bei kidogo, sehemu moja tu ya kumi. Kitu cha rupia moja kitakuwa rupia moja na paisa 10. Hizo paisa 10 mtoto aliyetumwa dukani atazitoa wapi? Mwenye duka naye hana chenji. Atakupa pipi badala yake, upende usipende. Mwenye kiwanda akipandisha hadi rupia mbili, ameongeza bei maradufu, na mteja atahamia kwa jirani.

Basi bei haiguswi. Kinachoguswa ni kilichomo ndani.

Biskuti za Parle-G zinajulikana India nzima. Kwa miaka mingi pakiti yake ndogo ilikaa kwenye rupia 4, kisha 5, huku uzito ukishuka kutoka gramu 100 hivi hadi chini ya gramu 60. Hakuna aliyeona bei ikipanda sana, ila chai ilibaki kikombeni biskuti zikiwa zimekwisha. Na msiwacheke Wahindi! Mama muuza nyanya wa sokoni kwetu hufanya vivyo hivyo: fungu ni la jero mwaka mzima, lakini msimu mzuri lina nyanya sita, zikiadimika lina tatu. Tofauti ni kwamba za mama unazihesabu kwa macho. Gramu zimeandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya pakiti, na mimi naona huo ni ujanja.

Je, kidogo kidogo humgharimu maskini zaidi? Sukari ya kupimiwa dukani, mara nyingi ndiyo. Shampuu ya India imekuwa kinyume: mara nyingi iliyo kwenye vipakiti ni nafuu kuliko ya chupa, kwa sababu kampuni hugombea sarafu ileile.

Uchafu ndio tatizo. Kipakiti kimeunganishwa kwa tabaka za vitu tofauti zilizogandana, na kuzitenganisha ni kazi ghali. Waokota taka huchukua chupa za maji kwa sababu zina mnunuzi, na vipakiti huviacha mtaroni. Tangu ile ahadi ya vitano kwa kimoja iishe, hakuna anayevitaka.