PAA LINALOVUJA: MAMBO TULIYOJIFUNZA MAKUTUPORA



Hapana mkulima wa karafuu asiyejua uchungu wa mvua iliyokuja saa isiyotakiwa. Karafuu zimo jamvini, wingu likitanda nyumba nzima hutoka mbio, wakubwa kwa wadogo, kuzikusanya. Mvua hiyo twaiona, na tunashindana nayo. Lakini iko mvua ya pili, nayo huja kimya kimya. Hiyo huzifuata karafuu zilizokwisha kauka, zikachambuliwa makonyo, zikatiwa guniani na kuwekwa ghalani zikingoja kupelekwa kituoni.

Vuli iliyopita mwanachama mwenzetu mmoja, mama mjane, alipeleka kituoni magunia sita, akarejeshewa mawili. Karafuu zake zilikuwa zimepauka na kukunjamana, na harufu ya uvundo imeingia. Magunia mawili hayo ndiyo yaliyokuwa ada na nguo za skuli za watoto wake. Tulipokwenda kumtazama alituonyesha bati lake. Mara tatu alikuwa amempandisha kijana juu ya paa kupaka lami, na kila mara palipakwa juu kabisa ya pale tone linapoanguka, na kila mara tone likarudi. "Basi mimi nimelogwa," alituambia. Tulimpa pole, lakini dawa hatukuwa nayo.

Dawa tuliipata mbali, tena mahali ambapo hatukuitarajia. Mwezi wa Januari tulikwenda bara, Makutupora ya Dodoma, kutazama mashamba ya zabibu na kituo cha utafiti wa zao hilo. (Msomaji asiichanganye na Makutupora ya upande wa Manyoni, inayotajwa katika khabari za reli mpya, hii yetu iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye njia ya Kondoa.) Nchi ile ni kavu. Kwa mwaka hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 za mvua, wala haifikii nusu ya mvua yetu ya Pemba, na karibu yote hunyesha baina ya Disemba na Aprili. Mtu atauliza: watu wa nchi kavu watatufundisha nini juu ya kuvuja? Nasi tuliuliza hivyo hivyo.

Jioni moja mvua ilitukuta njiani, tukapokewa na mzee mmoja wa Kigogo katika tembe lake la zamani. Alitukaribisha kwa "Mbukwenyi", tukaketi. Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba fupi yenye paa la bapa. Nguzo zenye panda hubeba boriti, juu ya boriti hupangwa fito, juu ya fito matawi na majani, kisha udongo ulioshindiliwa. Siku za jua nyumba hiyo ina ubaridi mzuri kuliko ya bati. Siku za mvua ndefu hutaka kuangaliwa kama mgonjwa.

Usiku maji yakaanza kuanguka karibu na miguu yetu. Mmoja wetu akasimama, akanyoosha kidole juu, akasema, "Babu, paa limetoboka hapa." Mzee akacheka. Hakutazama juu ya kichwa chake hata kidogo. Alichukua taa, akaanza kuufuata ufito ule ulionyesha alama ya maji, taratibu, kwa upande ulioinuka, mpaka akafika karibu na ukuta, hatua nne kutoka lilipoanguka tone. Pale fito zilikuwa zimelowa, na zaidi ya pale zilikuwa kavu. Akapaka jivu kidogo kuweka alama, akarudi kukaa.

"Wanangu," akasema, "maji hayaanguki yalipoingia. Huingia mlangoni, hutembea ukumbini, hutokea uani. Ninyi mmemwona uani mkadhani ndipo alipoingilia."

Asubuhi mvua ilipokatika alipanda juu, akahesabu hatua kutoka ukutani kama alivyozihesabu ndani, akapiga magoti. Palikuwa na ufa mwembamba kando ya shimo lililokanyagwa na mbuzi. Sisi tulitaraji atamwaga kikapu cha udongo juu yake basi. Hakufanya hivyo. Aliufukua udongo uliolegea mpaka akayafikia majani, akayaondoa yaliyooza, akaweka mengine makavu, kisha akarudisha udongo mpya tabaka kwa tabaka, kila tabaka akilishindilia. Mwisho akasawazisha ili maji yasipate pa kutuama.

Tulipomwuliza kwa nini ajitaabishe hivyo, jawabu lake lilitupa akili. Udongo wa kuongeza ni mzigo. Tukapiga hesabu sisi wenyewe: udongo wa unene wa sentimita 15 katika mita moja ya mraba huzidi kilo 200, na ukilowa huongezeka. Mtu akizidisha udongo kila mwaka bila ya kuondoa wa zamani, boriti hupinda. Boriti ikipinda paa hufanya bonde. Bonde hufanya kidimbwi. Na kidimbwi hutafuta njia ya kushuka. Kwa hivyo wako watu wanaovujiwa kwa sababu ya kuziba.

Tusiiache Makutupora kabla ya kutaja jambo moja la ajabu. Maji yale yale wanayoyafukuza darini ndiyo wanayoyaomba chini ya ardhi. Hapo Makutupora pana visima virefu ambavyo kwa miaka mingi vimeunywesha mji wa Dodoma, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walioichunguza hesabu hiyo, wakatoa khabari zao mwaka 2013, walikuta kwamba si kila mvua inayofika chini. Miaka mingi maji hupungua tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Nino wa 1997 na 1998, maji yakapenya mchangani na kuingia katika nyufa za mawe, visima vikapanda tena. Hao nao waliijua njia ya maji kwa kupima na kuandika, si kwa kukisia.

Tuliporudi nyumbani somo lilianzia baharini. Mwenzetu mmoja ana motaboti ya zamani ya mbao ichukuayo mizigo baina ya Pemba na Unguja, na katika chumba cha mbele maji yalikuwa yakidondoka kitandani. Kwanza tuliyaonja. Yalikuwa matamu, basi si ya bahari, ni ya mvua kutoka juu. Na maji matamu ndiyo mabaya zaidi kwa mbao, kwani chumvi huzuia ukungu unaoozesha, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa maji ya bahari. Kisha tukaondoa mbao za dari, tukafuta kukavu, tukapaka chaki. Mtu mmoja akakaa ndani na tochi, mwingine akashika mpira wa maji juu. Hapa pana siri: anza chini, panda juu, sehemu moja moja, dakika kumi kila sehemu. Ukianza juu, maji hushuka yakalowesha kila kitu, usijue lipi ni lipi.

Dirisha lilikuwa salama, na kalafati ya sitaha ilikuwa salama. Maji yalipofika kwenye nguzo ya kizuizi cha ubavuni, aliye ndani akapiga kelele. Maji yaliingia penye bolti, yakafuata boriti ya sitaha mita moja na nusu, yakaangukia kitandani. Tuliing'oa bolti, tukalipanua tundu, tukaliacha likauke siku kadhaa, tukalijaza gundi ya epoksi, tukatoboa upya katikati ya gundi, na bolti ikarudishwa na dawa ya mpira chini yake. Sasa hata maji yakipita hayagusi mbao.

Baada ya hapo tulikwenda kwa yule mama. Tulifuata alama ya maji katika pao, tukatoka penye tone tukapanda mpaka karibu na kipeo cha paa. Palikuwa na msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na raba yake imekwisha. Ilitosha kuziba tundu lile vizuri na kupiga msumari mpya mgongoni wenye raba nzima. Lami yote ya mara tatu ilikuwa mahali pasipo tundu.

Ndugu wanachama, kabla ya vuli kila mmoja wetu na ajikumbushe haya. Tone linaonyesha mwisho wa safari ya maji, wala si mwanzo wake. Ingia ghalani wakati mvua inanyesha, na taa mkononi, uweke alama, usingoje jua. Tone likija alfajiri bila ya mvua, hilo si tundu, ni jasho la bati: toa hewa, na uhakikishe karafuu zimekauka kweli kabla ya kuzifunga. Bati lipishane vya kutosha, msumari upigwe mgongoni. Magunia yawe juu ya chaga, mbali na ukuta. Na kabla ya kuongeza kitu juu ya paa, ondoa kilichooza chini yake.

Mvua ya mwaka huu magunia ya yule mama yalipita yakiwa makavu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: kwanza uutafute ufa ulipo.