Mlingoti Ukionekana Umepinda

Askari anayelinda mpaka pale Busia, na mwenzake anayekagua malori pale Malaba kwenye barabara iendayo Tororo, wote wawili hutegemea silaha moja isiyotolewa ghalani, nayo ni jicho. Kwa jicho husoma namba ya gari, hulinganisha uso wa msafiri na picha ya pasipoti, na hulenga shabaha. Basi yafaa kila mlinzi ayajue maradhi yanayoweza kulipotosha jicho hilo pasipo maumivu wala wekundu.

Nyuma ya jicho mna retina, kiwambo chembamba kipokeacho nuru. Katikati yake pana kibonde kidogo, na hicho ndicho kituwezeshacho kusoma na kutambua nyuso. Mtu apitapo umri wa miaka 50, ute unaolijaza jicho hujibandua kutoka kwenye retina, na pengine chembechembe zinazosalia hujenga utando juu ya kibonde hicho. Jeraha, uvimbe wa ndani ya jicho na kisukari pia huweza kuuleta. Utando ukijikunja, huikunja na retina, kama gundi ikaukapo juu ya karatasi. Hapo mistari iliyonyooka huonekana imepinda na herufi huvurugika.

Hila ya ugonjwa huu ni kwamba jicho zima humfichia mtu kasoro ya jicho bovu. Mtu aweza kukaa zamu miezi mingi asitambue.

Zamani daktari aliutazama utando huo kwa juu tu. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao David Huang na James Fujimoto, walitangaza njia ya kupiga picha ya tabaka za retina kwa mwali wa nuru, bila kisu wala eksirei. Kila tabaka huurudisha mwali huo kidogo, na chombo hupima ulikotokea. Ijapokuwa unene wa retina penye kitovu chake ni kama robo ya milimita tu, tabaka zake huonekana mithili ya matabaka ya udongo katika ukuta wa kisima.

Picha hiyo humwonyesha daktari kama kibonde kimefukiwa, na kama tabaka la chembe zipokeazo nuru li zima au limekatika. Mwaka 2017 Andrea Govetto na wenzake waliugawa ugonjwa huu katika madaraja manne. Katika la kwanza kibonde kingalipo. Katika la nne tabaka zimevurugika hata hazitambulikani. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo tumaini la kurudishiwa nuru lipunguavyo.

Katika upasuaji, daktari huondoa ute na kuubandua utando kwa koleo ndogo mno. Mgonjwa asitarajie kuona sawasawa kesho yake. Nuru hurejea polepole kwa miezi, pengine hadi mwaka, na mistari huweza kusalia imepinda kidogo. Mara nyingi mtoto wa jicho hufuata, naye huhitaji upasuaji wake. Tena ipo hatari ya retina kubanduka. Ndiyo maana mwenye utando mdogo na anayeona vizuri huachwa akichunguzwa mara kwa mara.

Tororo ina Hospitali ya Macho ya Benedictine, mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi. Lakini upasuaji wa retina haufanywi katika kila hospitali. Hospitali ya Kikuyu, mojawapo ya zinazoufanya, iko karibu na Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia. Safari hiyo ina faida kubwa zaidi tabaka zingali nzima.

Kwa hiyo, ndugu askari, bendera ipandishwapo asubuhi, ziba jicho moja uutazame mlingoti, kisha ziba la pili. Ukiuona umepinda, nenda kwa daktari. Usinyamaze kwa kuhofia kuondolewa kazini, kwani mficha maradhi kilio humfichua, na kosa la jicho la mlinzi huweza kumliza mtu asiye na hatia.