PIKAPU INAMISI? KABURETA IWE YA MWISHO!

Kwenye vijiwe vya mafundi kuna sentensi moja inayotafuna mifuko ya watu kuliko sigara: "Bosi, hapa kabureta imekufa." Injini ikikohoa, kabureta. Ikinywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi, kabureta. Ikizima mlimani, kabureta. Na wewe mshikaji, kwa kuwa hujui plagi zinakaa upande gani, unatoa mshiko, kabureta inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa. Keshokutwa gari inakohoa vilevile!

Leo tunapanda Ufipa, mpaka Mpui, tukaliangalie tatizo hili mahali linapouma kwelikweli. Mpui iko mkoani Rukwa, kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Laela na Tunduma. Ni nchi ya mahindi na maharage. Barabara kuu siku hizi ni lami, lakini mahindi hayalimwi kwenye lami. Yanatoka shambani kwa njia za vumbi, na kati ya wanaoyatoa huko kuna pikapu kuukuu ya petroli, Hilux au Datsun ya zama zile, iliyorithiwa kwa mjomba au kununuliwa na vijana watatu waliochanga. Ikigoma msimu wa mavuno, gunia linabaki shambani na mnunuzi anahamia kwa jirani. Usiku wa manane ni hiyohiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitali. Kwa hiyo huku siyo habari ya mbwembwe. Ni ugali.

SIYO UCHAWI, NI HEWA

Jina Sumbawanga wenyeji huwa wanalieleza kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Basi na sisi tuutupe. Dereva anatoka Dar na gari inayoteleza kama maji, akifika Ufipa inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Anaanza kujiuliza nani kamtupia kitu. Hakuna aliyemtupia kitu, kaka. Umepanda mlima.

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuna sehemu zinapita hapo. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Sasa petroli ili iungue sawasawa inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Kabureta iliyopimiwa Dar haijui kwamba imehama. Inaendelea kutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinakuwa nyeusi ti, sailensi inayumba, mafuta yanakwisha upesi. Na hata injini nzima kabisa, huku juu inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hiyo usimlaumu fundi.

Kipimo chepesi ni hiki. Teremka nayo Ziwa Rukwa, au Kasanga kule Ziwa Tanganyika, ambako ni mita 800 hivi tu. Ikitulia huko chini na kukohoa huku juu, inataka kurekebishiwa mchanganyiko. Ikikohoa kotekote, ina ugonjwa wake mwingine.

Wazee wa Kifipa habari ya hewa na moto waliijua kabla ya gari kuzaliwa. Walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, ya kuyeyushia chuma, na tanuru lilivuta upepo lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Hewa ikikosea, chuma hakitoki. Injini yako haina jipya: inataka hewa, moto na mafuta, kila kimoja kwa kipimo chake.

FUATA FOLENI

Siri ya mafundi wazuri ni kuanza na kitu kisicho na gharama. Kabureta wanaiweka nyuma ya foleni. Nawe fanya hivi.

Kwanza, hewa. Fungua chujio la hewa. Vumbi la njia za mashambani linaliziba mpaka linakuwa kama mkeka wa jikoni, injini inapumua kwa shida na mafuta yanazidi. Likung'ute, likishindikana nunua jipya. Halafu tazama choki, kile kibati kinachoziba mdomo wa kabureta asubuhi ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba Ufipa baridi haina mchezo, choki inavutwa kila siku. Injini ikishapata moto, kibati hicho lazima kisimame wazi kabisa. Kikinata nusu, gari itatoa moshi kutwa nzima na wewe utaisingizia kabureta.

Pili, moto. Ngoja injini ipoe, fungua plagi zote nne na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi inasema yenyewe. Rangi ya kahawia au kijivu, mambo poa. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Imelowa petroli, moto haufiki. Imelowa oili, ringi au sili za vali zimechoka. Nyeupe kama chaki, mafuta ni kidogo au kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kama tatu ni nzuri na moja ni mbovu, ujue kabureta haihusiki sana, maana kwenye pikapu hizi kabureta moja inalisha silinda zote. Shughulika na silinda hiyo: plagi, waya wake, au vali.

Ukishazisafisha na kuzirudisha, usisahau pointi ndani ya distribyuta. Magari mengi ya zamani yanataka upenyo wa milimita 0.45 hivi, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pointi zikiwa zimechimbika na kuungua, badilisha pamoja na kondensa. Ni vitu vidogo, lakini vikichoka injini inamisi kama ina kwikwi.

Tatu, hewa ya wizi. Injini ikiwa kwenye sailensi, paka maji ya sabuni kwenye gaskiti iliyo chini ya kabureta na kwenye mipira midogo iliyozeeka. Mlio ukibadilika au sabuni ikivutwa ndani, umemkamata mwizi. Usitumie petroli kwa kazi hiyo, utajichoma.

Nne, njia ya mafuta. Hapa kuna ugonjwa unaowapeleka watu kwa waganga. Gari inakwenda kilomita kadhaa, inazima, ukipumzika inawaka. Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia "fyuuu", tundu la kupumulia limeziba, tanki linanyonya na pampu inashindwa kuvuta. Lizibue, dawa imekwisha! Kama mafuta umenunua ya chupa au dumu kijijini, chota kidogo kwenye chupa nyeupe uyaache yatulie. Maji yatakaa chini, petroli juu. Kumbuka uchakachuaji ulivyosumbua nchi hii mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Usiamini kila dumu.

SASA KABURETA

Ukishapita hapo na bado inakohoa, haya, ifungue. Matundu ya jeti yapulizie upepo, usiyachokonoe na waya. Tundu likipanuka kidogo tu, umenunua moshi wa kudumu. Skrubu ya mchanganyiko iingize taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa, injini ipate moto, halafu izungushe kidogo kidogo mpaka itulie vizuri kuliko pote. Ila skrubu hiyo inatawala sailensi tu. Kama moshi mweusi unatoka ukiwa na mzigo mlimani, muulize fundi habari ya jeti kuu ndogo zaidi kwa ajili ya huku juu. Siku ukiiuza gari pwani, mrudishie mwenzio ya zamani, maana kule mafuta yatakuwa kidogo na injini itachemka na kugonga.

Na kama silinda moja haina kompresheni, hakuna skrubu itakayoiponya. Hapo vali au ringi zinakuita, jipange.

CHUNGA NGOZI YAKO

Usimwagie petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzio anapiga starta. Injini ikitema moto kwa juu, nyusi ndizo zinatangulia. Usinyonye petroli kwa mdomo na mpira. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, moshi wake unaua kimyakimya. Na yule mwenye sigara, mwambie asogee, hata kama ndiye mwenye gari.

Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa "bosi, kabureta imekufa", usigombane na mtu. Sema kwa upole: "Sawa fundi, lakini tuanze na plagi, nizione." Fundi mzuri atafurahi, babaishaji atakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwingine. Hapo mshiko wako umepona, na mahindi ya Mpui yatafika mjini. Tuonane wiki ijayo!